Kiswahili hakikuuliza: barua ya wazi kwa wanaotunga fomu zetu

Kwa wakuu wa afisi za umma Unguja na Pemba zinazotoa fomu, barua na matangazo. Na kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar.

Waheshimiwa, assalamu alaykum.

Nina meza moja, kompyuta moja na mashine ya kopi kwenye kibaraza cha duka hapa Chake Chake. Kazi yangu ni kutafsiri barua za watu kwa Kiingereza na Kiarabu, na mara mojamoja kwa Kitaliano nilichokiokota Nungwi miaka niliyokuwa nikitembeza wageni. Kazi yangu nyengine ni kuwajazia fomu wasioziona vizuri, na wale wanaoziona lakini hawazielewi. Hawa wa pili ndio wengi, na wamo waliotoka chuo kikuu.

Mwaka jana alinijia mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa mwani, kutoka kijiji cha upande wa Micheweni. Jina lake sitolitaja. Ni katika yale majina ambayo mtoto hupewa bila ya kutazamwa ni wa kike au wa kiume, mfano wa Riziki au Bahati. Alikuwa amechaguliwa kwenda nje kwa mafunzo ya mwezi mmoja, na afisi moja, nayo naisitiri, ikamwandikia barua nzuri ya Kiswahili: ni mwenyekiti hodari, ana miaka 12 katika kilimo cha mwani, anaaminika, anamwacha nyumbani mwenza wake na watoto wanne, na atarudi. Barua ile ikatiwa kwenye programu ya kutafsiri, ikatoka Kiingereza, ikapigwa muhuri.

Katika Kiingereza kile mwenyekiti alikuwa mwanamume, na mwenza wake alikuwa mke. Pasipoti inasema mwanamke, barua inasema bwana fulani aliyemwacha mkewe Pemba. Maskini katoka Mkoani kwa boti mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar es Salaam, na huko dirishani akaulizwa: huyu mwenyekiti ni nani, na wewe ni nani? Barua ya kusahihisha ilipopatikana, mafunzo yalikwishaanza na nafasi yake kapewa mtu mwengine.

Alikuja na barua zote mbili, akaziweka mezani pangu, akasema: "Hebu nionyeshe ilipoandikwa kwamba mimi mwanamume." Nikaisoma ile ya Kiswahili mara tatu. Haikuandikwa popote. Wala haikuandikwa kwamba ni mwanamke. Ukurasa mzima ulikuwa ukimzungumza mtu, na aliyeuandika hakuona haja ya kusema ni mtu wa namna gani, kwa sababu lugha haikumuuliza.

Waheshimiwa, mnalijua hili kwa ulimi, lakini naomba mlitazame kidogo kwa jicho. Tukisema "amekuja", hiyo "a" inamchukua nahodha, mtoto mchanga, jogoo na kuku mwenye vifaranga. Ngeli zetu zina maswali mengi: chenye uhai au kisicho na uhai, kimoja au vingi, kikubwa au kidogo. Swali la kike au la kiume hazinalo. Ukitaka kulisema, unaongeza neno. Usipotaka, sentensi inasimama salama bila ya kulisema.

Sasa programu imekutana na "yeye" na "wake", na Kiingereza hakiiruhusu ipite bila ya kuchagua. Inachagua kwa kukisia. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno ya watu, na katika maandishi hayo mwenyekiti aliyeonekana zaidi ni mwanamume, daktari hali kadhalika, na muuguzi ni mwanamke. (Mama yule angekuwa katibu badala ya mwenyekiti, pengine ingemfanya mwanamke na safari yake ikasalimika kwa kosa lile lile.) Wenye programu wanalijua tatizo. Desemba 2018 Google walianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya tafsiri, mojawapo ikiwa ile ya kutoka Kituruki kwenda Kiingereza. Kituruki nacho, kama sisi, kina "yeye" mmoja tu. Kwa hivyo sitaki kuitupia programu lawama zote. Programu haikupiga muhuri.

Ukitaka kujua Kiswahili kimetupunguzia mzigo gani, muulize mtoto wa chuoni anayeanza sarufi ya Kiarabu. Kitendo kimoja kilichopita, kwa mfano kuandika, anakikariri kwa sura 14: yeye wa kiume, wao wawili wa kiume, wao wengi wa kiume, kisha yeye wa kike, wao wawili wa kike, wao wengi wa kike, halafu aanze upya na "wewe", mpaka afike kwa "mimi" na "sisi", ambao peke yao hawaulizwi. Kwetu viambishi 6 vinamaliza kazi: ni, u, a, tu, m, wa. Na ndani ya sura hizo 14 mna kanuni ambayo kila mwanafunzi huipokea kama anavyopokea hali ya hewa: wakikusanyika wanawake 100 na mvulana mmoja, wingi wao unasemwa kwa sura ya kiume. Kifaransa kina kanuni hiyo, Kitaliano kinayo, Kihispania kinayo. Mvulana mmoja anawageuza wote.

Sisi tulipochukua maneno ya Kiarabu, mengi tuliyavua vazi hilo. Wao wana marhum kwa mwanamume na marhuma kwa mwanamke. Sisi tukifa sote tunakuwa marehemu. Yatima, kwa sikio la Mwarabu, ni mtoto wa kike. Kwetu ni yeyote aliyefiwa na mzazi. Hakimu, katibu, waziri, tajiri, maskini, rafiki: hakuna lenye mkia. Si yote, nakubali. Ustadhi ana ustadha wake, na haji akiwa mwanamke tunamwita hajati. Lakini sheha akiwa mwanamke anabaki sheha. Na tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, hakuna aliyekesha akitafuta neno jipya la cheo. Rais ni Rais. Italia, Oktoba 2022, Giorgia Meloni alipokuwa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya nchi hiyo, watu walibishana kwa herufi mbili: aitwe "il" presidente, kwa kiume, au "la", kwa kike? Mwenyewe alichagua "il". Rafiki zangu Wataliano wa Nungwi walinieleza ugomvi huo kwa hasira, wengine upande huu, wengine ule, na mimi nilikuwa nikiwasikiliza kama anayesikiliza watu wanaogombea kiti wakati yeye kakaa mkekani.

Wenzetu hao wana mzigo wa kweli. Sipendi kuwaona wakichekwa na watu wetu mitandaoni. Wafaransa waliokerwa na ile kanuni ya mvulana mmoja walianza kuandika neno la kiume, kisha kijinukta, kisha mwisho wa kike, ili neno moja liwabebe wote wawili. Oktoba 2017 Académie française ikatoa tamko kwamba mtindo huo ni hatari ya mauti kwa lugha yao. Tarehe 21 Novemba mwaka huo huo Waziri Mkuu Édouard Philippe akazikataza afisi za serikali kuutumia katika maandishi rasmi. Lakini wanaolisimulia jambo hili nusu huacha nusu ya pili: waraka ule ule ulitaka mwanamke mwenye cheo aandikwe kwa cheo cha kike, na matangazo ya nafasi za kazi yawataje mwombaji wa kiume na mwombaji wa kike. Na Februari 2019 Académie yenyewe ikakubali majina ya kazi yawe na sura ya kike. Nukta ilikataliwa, mwanamke hakukataliwa.

Ujerumani lipo shauri linalonigusa zaidi, kwa sababu ni shauri la fomu. Bibi mmoja, Marlies Krämer, aliishtaki benki yake kwa kuwa karatasi zake zote zilimwita mteja wa kiume. Alitaka neno moja tu la kike liongezwe. Mahakama kuu ya nchi ya mashauri ya madai ilimkatalia Machi 2018, ikasema neno la kiume kwa desturi linamjumuisha na yeye. Hoja hiyo si ngeni. Waingereza waliitungia sheria mwaka 1850: katika sheria za Bunge, maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawachukua wanawake pia. Ilipofika 2007 serikali yao ikaamua sheria mpya ziandikwe bila ya kutegemea mwanamume mmoja kusimama kwa niaba ya wote. Walichukua zaidi ya miaka 150 kufika pale ambapo mtu wa Pujini au wa Makunduchi huanzia kila anapofungua kinywa kusema "kila mtu atalipa ada yake".

Mtaniambia: basi sisi hatuna neno, tumesalimika, barua ya nini? Na wengine mtasema haya ni mambo ya Ulaya yasituingilie. Nianze na hili la pili.

Swali la kutajwa na kutotajwa sisi hatukulipata Ulaya. Tulilipata chuoni. Imepokewa kutoka kwa Ummu Salama, mke wa Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba alimuuliza kwa nini wanawake hawatajwi ndani ya Qur'ani kama wanavyotajwa wanaume, na ikateremka aya ya 35 ya Suratul Ahzab. Mnaijua. Inawataja Waislamu kwa kiume na kwa kike, waumini kwa kiume na kwa kike, wakweli, wenye kusubiri, wenye kutoa sadaka, wenye kufunga, jozi 10 mfululizo, kila moja na mwenzake. Kisarufi haikuwa lazima. Wingi wa kiume ungewachukua wote. Walitajwa, na aliyeuliza hakukemewa kwa kuuliza.

Tazameni sasa kinachomtokea mtu anayeitafsiri aya hiyo kwa Kiswahili. "Waislamu" peke yake kwetu tayari ni wote. Kwa hivyo analazimika kuongeza "wanaume" na "wanawake" kila jozi, kwa sababu asipoongeza jozi zote zinakuwa moja moja na aya inapoteza kile ilichokuja nacho. Nimeifikiria sana aya hii nikiwa kwenye meza yangu. Inanizuia kusema kwa wepesi kwamba lugha isiyouliza ni bora kuliko inayouliza. Lugha isiyouliza inaweza kumtunza mtu, na inaweza kumficha.

Ndiyo nikarudi kwenye fomu zenu, Waheshimiwa, maana lugha yetu isiyouliza mmeitia maswali, na maswali yenyewe mmeyauliza kombo.

Iko fomu ya kuandikisha watoto skuli. Pameandikwa "Jinsia", na mbele yake "Mme/Mke". Nimemjazia mtoto wa miaka 6, meno ya utoto hayajang'oka, "Mke". Bibi yake aliyemleta akasoma juu ya bega langu akaniuliza: "Kaolewa lini huyu?" Kuna wanaoandika "Me/Ke", na hilo angalau halimwozeshi mtu, ijapokuwa linasikika kama mbuzi wawili wanaitana.

Iko nyengine yenye swali "Umeoa?" na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mama mwenye watoto 7 na mume yuko hai aliniambia niweke alama ya hapana. Yeye hakuoa, kaolewa. Nikaweka hapana. Jibu ni kweli tupu, na huko lilikopokewa akahesabiwa hana ndoa, ikawa kazi ya miezi kumrudisha kwa mumewe kwenye makaratasi.

Hapo nakubali kwamba Kiswahili chenyewe kinauliza, tena kwa ukali. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Huyu anatenda, yule anatendwa. Anaacha, anaachwa. Mwanamke akifiwa na mumewe anakuwa kizuka, anakaa eda. Mwanamume akifiwa na mkewe anakuwa mtu aliyefiwa. Mjane, ambalo kamusi inalipa mtu yeyote aliyefiwa na mwenzake, vinywani mwetu ni mwanamke, na wengine humwita hivyo hata aliyeachwa. Mambo haya yana mizizi yake katika ndoa na sheria zetu, na si kazi ya mtafsiri wa kibarazani kuyang'oa. Lakini fomu ya kuomba kuunganishiwa maji haina haja ya kuyagusa. Tazameni barua hii: mmesoma zaidi ya nusu yake na hamjui kama anayeiandika ni mwanamume au mwanamke, wala hilo halikukuzuieni kunielewa. Ila mkiniuliza "Umeoa?", basi kwa neno moja la jibu langu mtakuwa mmekwishajua, na bomba langu litabaki kavu vile vile.

Fomu ya kaya ina mstari wa "Jina la baba mwenye nyumba". Chini yake "Jina la mama", halafu watoto. Nyinyi mnaijua Pemba. Mnajua kuna vijiji vya pwani ambavyo ukija wakati wa dago, wanaume wamehamia kambi za mbali na vyombo vyao, na nyumba iko mikononi mwa mwanamke: ndiye anayelipa, ndiye anayejibu, ndiye anayekwenda kwa sheha. Kuna na nyumba zisizo na baba kabisa. Mama hao hukaa mbele yangu wakauliza: "Hapa niandike nani?" Mmoja aliandika jina la mwanawe wa kiume wa miaka 14. Mtoto yule leo ndiye mkuu wa kaya, na barua za kaya zinakuja kwa jina lake, naye yuko darasani anafanya mtihani. "Mkuu wa kaya" linatosha. Neno "mkuu" halina jinsi. Mliliacha neno lililo tayari mkaenda kutafuta "baba".

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni tangazo. Lilibandikwa ukutani wakati wa mkutano mmoja wa mambo ya bahari: "Wavuvi wote na wake zao mnaalikwa."

Nililisimamia nikalisoma kwa muda. "Wavuvi" ni neno safi. Halina mkia, halina kijinukta, Mfaransa angelionea wivu. Linamchukua mwenye mashua na linamchukua mama anayeingia mwambani maji yakitoka, na kijiti chake, kutafuta pweza. Linawachukua wanawake wanaotanda dagaa kwa kanga. Mwandishi wa tangazo lile akaongeza maneno matatu, "na wake zao", na kwa maneno matatu akawatoa wote hao. Sasa wavuvi ni wanaume. Wanawake wamo, ndiyo, wamealikwa, lakini wamealikwa kama wake. Yule anayevua pweza na hana mume hakualikwa kabisa, na yule mwenye mume seremala sijui akae wapi.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, na ni tofauti na ugonjwa wa Kifaransa au Kijerumani. Wao unawakaa mwishoni mwa neno. Sisi unatukaa katika neno linalofuata. "Wananchi na wake zao." "Kila mfanyakazi na mkewe." "Wajumbe waje na kanzu." Mtu hawezi kutusaidia kwa kutuletea vijinukta, kwa sababu hapana pa kuvitia. Dawa ni mhariri anayesoma sentensi mpaka mwisho.

Na dawa ile ya miradi pia siipendi, niseme ukweli, ya kuandika "wavuvi wanaume na wavuvi wanawake, wakulima wanaume na wakulima wanawake" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nimetafsiri ripoti za namna hiyo. Ukifika ukurasa wa tano hata mwandishi hasomi tena. Mbaya zaidi, ukishalizoesha sikio "mvuvi mwanamke", siku ukisema "mvuvi" bila ya nyongeza atasikika mwanamume. Unalivunja neno lililokuwa zima. Lakini nakumbuka swali la Ummu Salama, na sikuona kuwa naweza kulipita. Ninavyofanya mimi ni hivi: palipo na mazoea ya kumfikiria mwanamume, kama nahodha, mvuvi, sheha, fundi wa umeme, nawataja wote wawili mara moja, mwanzo wa tangazo, ili kila mtu ajue kaitwa, halafu naendelea na neno letu kama lilivyo. Mwanamke akilisoma anajiona mlangoni, na hana haja ya kujiona katika kila kigae. Wapo watakaosema hiyo haitoshi, na wapo watakaosema imezidi. Niko tayari kukaa nao barazani.

Msiniambie kwamba maneno ya fomu hayabadiliki. Mmekwishayabadilisha. Zamani karatasi zenu ziliandika "vilema". Watu wenyewe waliposema kwamba hawataki kutiwa katika ki na vi pamoja na viti na vikapu, mkaandika "watu wenye ulemavu", na anayeandika leo "zeruzeru" katika waraka wa serikali atarudishiwa. Kazi ile ilifanyika bila ya kuvunja sarufi, na ninayoiomba mimi ni nyepesi kuliko ile, kwa sababu ile ilihitaji maneno mapya na hii inahitaji kufuta ya ziada.

Kwa hivyo naomba. Pasipohitajika jinsi, msiulize; fomu ya maji, ya leseni ya baskeli, ya kukodi ukumbi, haina kazi nayo. Panapohitajika, na pengi panahitajika, maana tusipohesabu hatutojua wasichana wangapi wameacha skuli, andikeni "mwanamke" na "mwanamume" kwa ukamilifu, wino hautokwisha. Hali ya ndoa iulizwe kwa maneno yanayokaa kwa wote: "nimo katika ndoa", "sijapata kuwa katika ndoa", "tumeachana", "nimefiwa na mwenzangu". Panapoandikwa "jina la mume", paandikwe "jina la mume au mke". "Bw./Bi." mbele ya jina iondoke, na kama mnaona jina tupu ni utovu wa adabu, tunalo "Ndugu", tulilolitumia miaka mingi mikutanoni na halikumuuliza mtu kitu. Na barua yoyote inayotafsiriwa kwa lugha inayouliza jinsi, iwe Kiingereza, Kiarabu au Kifaransa, isipigwe muhuri mpaka binadamu aisome na amuulize mhusika neno moja: wewe ni bwana au bibi? Sekunde tatu.

Kwa Baraza la Kiswahili ombi langu ni moja. Lugha sanifu wanayoifundisha ulimwengu mzima ilijengwa juu ya Kiunguja. Hilo liliamuliwa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kulisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Basi si vibaya fomu ya mfano, moja tu, ya kurasa mbili, ikatoka hapa hapa, ikapelekwa kila afisi, na kila anayetunga fomu mpya akaitazama kwanza. Tuna Siku ya Kiswahili Duniani, kila 7 Julai, na huwa tuna mashairi mazuri na hotuba ndefu. Kati ya hotuba ya pili na ya tatu fomu hiyo ingeweza kugawiwa.

Nimeambatanisha karatasi tatu, ya skuli, ya kaya na lile tangazo. Nimezisahihisha kwa penseli, ili mkiona nimekosea mfute.

Mwenyekiti yule ameitwa tena kwenye mafunzo ya mwaka huu na atahitaji barua. Akija mtu wenu kumtafuta kijijini ili amsomee ile ya Kiingereza kabla ya muhuri, asije asubuhi wakati wa bamvua. Maji yakitoka, yeye yumo mwanini mpaka yajae.

Wenu mtiifu,
Mtafsiri wa kibarazani, Chake Chake